Swali Tulilokuwa Tukiliuliza: Ulimfanya Nini?

Hotuba ya Kamati ya Jamii, iliyosomwa Kampala tarehe 10 Desemba mbele ya ndugu wakimbizi waishio mjini, pamoja na wajumbe waliotoka kambini



Tunamshukuru Mungu kwa kutufikisha siku hii. Tunawashukuru pia ndugu zetu wa Katwe, Nsambya, Kabalagala na Old Kampala waliotupokea, wakatupikia, wakatutandikia mikeka. Leo zinafungwa zile Siku 16 za kupinga ukatili dhidi ya wanawake. Zilianzishwa mwaka 1991, na kila mwaka huanza tarehe 25 Novemba, siku ya kuwakumbuka akina dada watatu wa familia ya Mirabal waliouawa mwaka 1960 katika Jamhuri ya Dominika. Huisha tarehe 10 Desemba, Siku ya Haki za Binadamu.

Katika gazeti hili la kumbukumbu kuna kurasa nyingi zinazosifu kazi ya Kamati: visima, shule ya watoto, mazishi tuliyosimamia, ugomvi wa mipaka tuliosuluhisha. Hayo ni ya kweli na tunayashukuru. Lakini sisi wenyewe tuliomba nafasi ya kusema jambo ambalo hatukulifanya vizuri. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kamati inayoandika mazuri yake tu haitajifunza kitu.

Ndugu zetu,

Kulikuwa na mama mmoja wa kwetu aliyeishi hapa Kampala na mumewe na watoto watatu, katika muzigo wa chumba kimoja. Jina lake hatutalitaja. Mwenyewe ametupa ruhusa ya kueleza habari yake, kwa sharti hilo. Kazi yake ilikuwa kutembeza vitenge, mtaa kwa mtaa, duka kwa duka.

Mara ya kwanza alikuja kwetu akiwa na alama shingoni. Tulimkaribisha, tukampa kiti, kisha tukamwuliza: "Mama, ulimfanya nini?" Akasema siku hiyo alichelewa kurudi, mvua ilinyesha na barabara ilifungwa na magari. Tukamshauri awe anarudi mapema. Mmoja wetu aliongeza kwamba mwanaume akirudi akakuta jiko baridi, hasira ni lazima. Mama akatushukuru, akaenda.

Mara ya pili sikio lake lilikuwa limevimba. Safari hiyo tulimwita na mume. Tukawakalisha benchi moja, bega kwa bega, tukamwambia mama aeleze mbele ya mumewe lililotokea. Alitazama chini, akasema, "Yameisha, wazee." Tukafurahi. Tukaandika katika daftari letu: "Wamepatanishwa." Daftari hilo tunalo mpaka leo, na neno hilo limo.

Mara ya tatu alikuja jioni, siku ya Ijumaa, tukiwa katika kikao cha kutayarisha sherehe ya tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi. Tulimwambia arudi Jumatatu.

Usiku wa Jumapili mumewe alimpiga tena, kwa mkanda, mpaka akachoka. Kisha akalala. Mama alikaa kwenye kona na watoto muda mrefu. Halafu akawasha jiko, akachemsha maji, akammwagia.

Majirani waliokaa kimya wakati mama analia, walitoka wote baba alipolia.

Polisi walimwuliza swali moja la maana sana katika sheria: "Wakati unammwagia, alikuwa anakufanya nini?" Mama hakusema uongo. Alijibu, "Alikuwa amelala." Akaenda rumande, baadaye akahukumiwa kifungo. Watoto watatu waligawanywa katika nyumba tatu. Baba alitoka hospitali na makovu ya kudumu. Tulikwenda kumwona huko, tukampelekea uji na maziwa. Na hapa ndipo tunapoona aibu yetu: hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza yule baba, "Ulimfanya nini?"

Hatusemi haya kusifu kitendo cha mama. Kumwunguza mtu ni jambo baya, na yeye mwenyewe anasema hivyo. Tunasema haya kwa sababu, tulipofungua daftari na kuhesabu, tuliona kwamba kabla ya usiku ule milango mitatu ilikuwapo, na yote mitatu ilikuwa mikononi mwetu.

Ndugu zetu, swali hili la "ulimfanya nini" si letu peke yetu.

Katika utafiti wa taifa la Uganda wa mwaka 2016 kuhusu watu na afya, wanawake na wanaume waliulizwa kama mume ana haki ya kumpiga mkewe katika mambo matano: akiunguza chakula, akibishana naye, akitoka bila kumwaga, asipowatunza watoto, au akimkatalia kitandani. Wanawake 49 katika kila 100 walisema ndiyo kwa jambo moja au zaidi. Kwa wanaume walikuwa 41. Sikilizeni vizuri: waliokubali kipigo walikuwa wengi zaidi kwa akina mama kuliko kwa akina baba. Basi tusidhani swali hili linatoka katika vinywa vya wanaume tu. Mama mkwe analiuliza. Shangazi analiuliza. Dada wa kwaya analiuliza. Na mwishowe mwenye kupigwa analala akijiuliza yeye mwenyewe.

Wengine husema kwamba vipigo ni vya maskini na wasiosoma. Mwaka 2002 hapa Uganda, Makamu wa Rais wa nchi, Dakta Specioza Wandira Kazibwe, ambaye ni daktari kwa kazi yake na alishika cheo hicho tangu 1994 hadi 2003, alisema hadharani kwamba ameachana na mumewe kwa sababu alikuwa akimpiga. Mume naye alikubali katika magazeti kwamba alimpiga makofi, lakini mara mbili tu. Tulifikirie neno hilo "tu". Mwanamke mwenye walinzi na gari la serikali alisimama akasema amepigwa, na jibu likawa ni kuhesabu makofi. Ikiwa yeye alijibiwa hivyo, je, mama anayetembeza vitenge atajibiwaje?

Na juzi juzi, mwezi Septemba 2024, tulimlilia Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda aliyekuwa ametoka kukimbia maratoni ya Olimpiki ya Paris mwezi mmoja tu kabla. Alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Endebess, upande wa Kenya, tarehe 1, na akafariki Eldoret tarehe 5. Mwanaume aliyedaiwa kumchoma naye alikufa kwa majeraha ya moto siku chache baadaye. Watu walizungumza sana kuhusu ugomvi wa kiwanja na nyumba. Kiwanja kinaweza kueleza walichogombania, lakini hakiwezi kueleza petroli. Ugomvi wa kiwanja una wazee wake, una LC wake, una mahakama yake. Anayechukua petroli amechagua petroli.

Hilo ndilo kosa la swali letu. Tukimwuliza mwenye kupigwa alifanya nini, tunamfundisha aliyepiga kwamba kipigo ni jibu na kazi yetu ni kutafuta swali lake.

Sasa, wapo wanaosema: kwa nini hakuondoka? Sisi wakimbizi tungekuwa wa mwisho kuuliza hivyo, maana tunajua kuondoka ni nini. Mama wa kikimbizi hana nyumba ya baba yake ya kurudi. Nyumba hiyo iko ng'ambo ya mpaka, pengine imechomwa. Karatasi ya familia ina majina yao wote pamoja. Anaogopa kwamba akishtaki, faili lao la kuhamishiwa nchi ya tatu litaharibika, na jamii nzima itamwambia amewaponza watoto. Kodi ya chumba iko mkononi mwa mume. Kiluganda hakijui vizuri.

Na wengi wetu tulikua chini ya sheria iliyotufundisha hivyo. Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987, ambayo nchi ilikuwa inaitwa Zaire wakati huo, iliandika kwamba mume ni mkuu wa nyumba na mke anapaswa kumtii. Sheria hiyo ilirekebishwa mwaka 2016, lakini mawazo yake tulibeba pamoja na masufuria tulipovuka Bunagana na Ishasha. Tena kuna mahari. Baba wengine husema, "Nilimlipia ng'ombe, nani atanirudishia?" Tarehe 6 Agosti 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Mahari yenyewe haikukatazwa. Kilichokatazwa ni kuifanya kuwa deni la kumrudisha mwanamke mahali anapoumia.

Tuje sasa kwenye jambo ambalo vijana wengi walitutumia maswali juu yake, hasa binti zetu: je, mtu akipigwa nyumbani, ana ruhusa ya kurudisha?

Tumewaendea watu wanaoijua sheria, na tunawaeleza kama tulivyoelewa, bila kuwaficha.

Sheria ya Uganda inakubali mtu kujihami. Mtu akikushambulia bila haki, unaweza kutumia nguvu kumzuia, iwe unajilinda wewe, mtoto wako au jirani. Na ukisha kueleza kwamba ulikuwa unajihami, si kazi yako kuthibitisha. Ni kazi ya upande wa mashtaka kuonyesha kwamba hukuwa unajihami. Kwa hiyo liseme mapema, kwa polisi na kwa wakili.

Lakini mlango huu ni mwembamba, na una vizingiti vitatu.

Cha kwanza, shambulio liwe linatokea, au liwe karibu kabisa kutokea. La jana halihesabiwi, wala la kesho kutwa.

Cha pili, nguvu unayotumia isizidi ile inayohitajika. Akikukaba shingo ukamwuma mkono, ukamsukuma, ukampiga na kilicho karibu ili akuachie, umejihami. Akikupiga kofi moja nawe ukamchoma kisu, mahakama itauliza kama kisu kilihitajika. Itaangalia pia kama palikuwa na njia ya kuondoka.

Cha tatu, hatari ikikoma, ruhusa nayo imekoma. Akianguka, akikimbia, akilala usingizi, sheria inakutaka uache.

Hapo ndipo mama yetu aliposhindwa. Alipigwa kwa mkanda, na wakati huo wa mkanda angeweza kujihami. Lakini ni mwanamke gani mwenye mwili mdogo, katika chumba kimoja, watoto miguuni, anayeweza kushindana na mwanaume mwenye hasira? Wakati sheria inamruhusu, hana nguvu. Wakati ana nguvu, kwa kuwa mwenzake amelala, sheria haimruhusu. Ndugu zetu, tukilielewa hilo tumeelewa sehemu kubwa ya hotuba hii.

Kuna utetezi mwingine, wa mtu aliyechokozwa. Aliyeua kwa ghadhabu ya ghafla, kabla ghadhabu hiyo haijapata muda wa kupoa, anaweza kuhukumiwa kwa kosa la kuua bila kukusudia badala ya kuua kwa kukusudia. Neno zito hapo ni "ghafla". Lilitoka katika sheria ya Waingereza, waliotawala nchi hizi. Mwaka 1949 huko kwao kulikuwa na kesi ya mwanamke aliyepigwa na mumewe, akamwua akiwa kitandani, na jaji akasisitiza kwamba lazima mtu awe amepoteza uwezo wa kujizuia kwa ghafla. Miaka mingi kipimo hicho kiliwaumiza wanawake, kwa sababu woga wa mtu anayepigwa kila wiki hauji ghafla. Unakuja polepole, kama maji yanayopanda kisimani.

Mwaka 1989, huko huko Uingereza, mama mmoja mwenye asili ya India, Kiranjit Ahluwalia, aliyeteswa na mumewe miaka kumi, alimchoma kwa petroli akiwa amelala. Alihukumiwa kifungo cha maisha. Wanawake wa chama cha Southall Black Sisters walipiga kelele, na mwaka 1992 hukumu ile ikabatilishwa, akaachiliwa kwa muda aliokwisha kukaa gerezani. Lakini hata hapo mahakama haikusema alijihami. Ilikubali kwamba akili yake ilikuwa imeumizwa.

Kwa majirani zetu Kenya, mwaka 2021 Mahakama Kuu ilimhukumu mwanamke aliyemwua mumewe, baada ya mateso ya muda mrefu, kifungo cha siku moja tu, yaani mpaka jaji aliponyanyuka. Na hapa Uganda, kesi ya Susan Kigula na wenzake zaidi ya 400, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2009, iliondoa ulazima wa hukumu ya kifo kwa kila aliyeua kwa kukusudia. Tangu hapo jaji anaweza kusikiliza habari yote ya mtu kabla ya kutoa adhabu, pamoja na vipigo alivyovumilia.

Tunamshukuru Mungu kwa majaji wenye huruma. Lakini angalieni huruma hiyo inakuja lini. Inakuja baada ya maiti. Inakuja baada ya rumande, baada ya watoto kugawanywa. Binti zetu, hatuwaambii msijilinde. Mtu akitaka kukuua, jilinde, piga kelele, kimbia. Tunawaambia tu kwamba msiitegemee hiyo kuwa mpango wenu. Na wazee wenzetu, tunawaambia kwamba kumwacha mama peke yake mpaka afike hapo ni kumsukuma kwenye mlango ambao tunajua hatapita.

Ipo milango iliyo mipana zaidi, na inafunguka mapema.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 31, inasema mume na mke wana haki sawa katika ndoa. Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2010 inakataza kumwumiza mwenzako mwilini, kumlazimisha kitandani, kumtukana na kumtisha, na hata kumnyima fedha ili umtawale. Inamlinda mke, mume, mtoto, ndugu na mfanyakazi wa nyumbani. Ndiyo, inamlinda na mume. Baba anayepigwa asione aibu kuja kwetu, naye hatutamcheka. Mwenye kupatikana na hatia anaweza kufungwa hadi miaka 2, au kutozwa faini hadi pointi 48, ambazo ni shilingi 960,000, au vyote viwili. Na mtu hawezi kujitetea kwa kusema kwamba mwenzake alikubali.

Mlango wa kwanza ni LC wa mtaa. Mahakama ya LC inaweza kusikiliza, kuonya, kuamuru fidia na kuombana radhi. Lakini sheria hiyo hiyo inaitaka ipeleke jambo polisi na kwa hakimu ikiwa mpigaji ni wa kurudia, au akionekana ataumiza tena. Tulilifanyia nini daftari letu? Tuliandika mara mbili, wala hatukupeleka popote.

Mlango wa pili ni polisi, katika ofisi ya ulinzi wa mtoto na familia. Mama ana haki ya kuhojiwa na polisi mwanamke akitaka hivyo. Kuna fomu ya polisi ya kujazwa na daktari. Idaieni, na majeraha yaonwe yakiwa bado mabichi. Aliyelazimishwa kingono awahi hospitali kabla ya saa 72 kupita, apate dawa za kuzuia virusi vya ukimwi. Asingoje kikao cha Kamati.

Mlango wa tatu ni hakimu, ambaye anaweza kutoa amri ya ulinzi: mpigaji asimkaribie, asimguse, au aondoke nyumbani kwa muda. Chama cha wanasheria wanawake, FIDA, kilichoanzishwa mwaka 1974, na Refugee Law Project, iliyoanza mwaka 1999 chini ya Chuo Kikuu cha Makerere, vimewasaidia wengi katika safari hii. Simu ya 116 haina malipo.

Wala mkimbizi asiogope kwamba kushtaki kutamfutia ukimbizi wake. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inatupa haki ya kufika mahakamani. Na mama ana haki ya kuomba asikilizwe peke yake kuhusu faili lake.

Ndugu zetu, tunakaribia mwisho. Kamati imekaa, imekubaliana mambo matano, nasi tunayatangaza mbele yenu ili mtuhukumu kwayo.

Moja. Swali la "ulimfanya nini" halitaulizwa tena mbele ya Kamati. Tutauliza: umeumia wapi, watoto wako wapi, na usiku wa leo utalala wapi.

Mbili. Hatutamkalisha aliyepigwa benchi moja na aliyempiga. Kila mmoja atasikilizwa peke yake, na mama atasikilizwa na akina mama wawili wa Kamati.

Tatu. Neno "wamepatanishwa" halitaandikwa pale ambapo pana jeraha. Tutaandika lililotokea, siku, saa na mashahidi, maana daftari hilo linaweza kuwa ushahidi siku moja.

Nne. Anayerudia mara ya pili, tutampeleka mbele. Kamati si mahakama, na aibu ya jamii haiwezi kuwa kubwa kuliko uhai wa mtu.

Tano. Hakuna kikao kitakachokuwa muhimu kuliko mtu aliyesimama mlangoni na damu. Hata kikao cha tarehe 20 Juni.

Na kwenu majirani tuna ombi moja. Wazee wetu walituachia methali isemayo ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Ni methali nzuri kwa ugomvi wa maneno. Lakini mkanda si maneno. Hapa Buganda mtu akipiga enduulu kwa ajili ya mwizi, mtaa mzima hutoka na fimbo, hata kwa sufuria moja iliyoibwa. Mama akilia usiku, watu huongeza sauti ya redio. Hatuwaombi mtoke na fimbo. Tunaomba mtoke. Mgonge mlango, muombe chumvi, mumwite baba nje muulize saa. Mara nyingi mkono uliokwisha kunyanyuliwa hushuka ukisikia hodi.

Hili si ndoto. Hapa hapa Kampala, katika mitaa ya Makindye na Rubaga, shirika la Raising Voices na wenzake wa CEDOVIP waliwafundisha majirani wa kawaida, mafundi, wauza duka na wazee wa mtaa kuzungumza na wenzao kuhusu jambo hili, kwa mpango uitwao SASA!. Matokeo ya utafiti yalitolewa mwaka 2014: katika mitaa iliyopata mpango huo, wanawake waliopigwa na wenzi wao katika mwaka uliotangulia walikuwa pungufu kwa asilimia 52, ukilinganisha na mitaa ambayo ilikuwa haijaupata. Hawakujenga gereza jipya. Waliwafundisha majirani kusema.

Tunamalizia na maneno ya yule mama. Amekwisha kutoka gerezani, anaendelea na vitenge vyake, na watoto wawili wamerudi kwake. Wa tatu bado yuko kwa watu. Tulimwendea kumwomba radhi, tukamwuliza ni nini alitaka siku zile tatu alipokuja kwetu. Tulidhani atasema alitaka mumewe afungwe, au alitaka nauli.

Alisema: "Sikutaka mumfunge. Nilitaka mumwambie, nami nikiwa nasikia, kwamba kosa si langu."

Maneno hayo hayakuhitaji fedha, wala gari, wala barua ya ofisi yoyote. Tulikuwa nayo mdomoni na hatukuyasema. Leo tunayasema mbele yenu wote: Mama, kosa la kupigwa halikuwa lako.

 

Sisi wenu, Kamati ya Jamii.